Mwanga unapotelea wapi? Desibeli kwa penseli, kutoka Longonot hadi mlango wa saiba

Leo naweka kando hifadhidata na lugha za programu, tuzungumze juu ya kitu ambacho kazi yangu yote inakitegemea lakini sikigusi kamwe: mwanga unaopita ndani ya faiba. Mimi naandika programu nikiwa hapa Nakuru, wanaozitumia wako Nairobi, Kampala na kwingineko, na kati yetu kuna uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Mwanga unaingia upande mmoja ukiwa na nguvu fulani na kutoka upande wa pili ukiwa umepungua. Swali ni hili: umepungua kiasi gani, na je, uliobaki unatosha?

Mteja wa kawaida hujibiwa swali hili kwa maneno matupu. "Laini iko chini." "Kifaa chako kimechoka." "Ni mvua." Leo nataka kuwaonyesha kwamba swali hili lina jibu la namba, na kwamba hesabu yake ni ya kujumlisha na kutoa tu. Ukiijua, hutadanganyika kirahisi, na wala hutamlaumu fundi asiye na kosa. Chukueni penseli.

Gunia la viazi kutoka Molo

Fikiria gunia la viazi linalotoka Molo kwenda sokoni Nairobi, na njiani kuna madalali. Kama kila dalali angechukua kilo tano, hesabu ingekuwa nyepesi: madalali sita, kilo 30, umemaliza. Lakini madalali wetu hawachukui kilo, wanachukua sehemu. Wa kwanza anachukua nusu. Wa pili anachukua nusu ya kilichobaki. Wa tatu vivyo hivyo. Baada ya watatu umebaki na moja ya nane ya gunia, na baada ya kumi umebaki na chini ya moja ya elfu, yaani pengine kiazi kimoja.

Kioo nacho kinautoza mwanga kwa namna hiyo hiyo. Kila kilomita inachukua sehemu ya mwanga ulioifikia, si kiasi maalum. Faiba ya masafa marefu, ikipitishwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550, hubakiza kama asilimia 94 au 95 katika kila kilomita. Sasa kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160 kwa barabara. Kujua mwanga uliobaki inakubidi uzidishe 0.944 kwa 0.944 mara 160. Kisha uzidishe kwa kila mahali ambapo kebo mbili zimeunganishwa. Kisha kwa kila konekta. Hebu fanya hivyo ukiwa umening'inia kwenye nguzo pale Mbaruk na upepo unavuma.

Desibeli inatuokoa

Wahandisi wa simu nchini Marekani walikuwa na shida hii hii kabla faiba haijazaliwa. Waya wa simu nao hutoza kwa sehemu. Mwanzoni walipima upotevu kwa kuulinganisha na maili moja ya kebo ya kawaida ya simu. Katika miaka ya 1920 watu wa kampuni ya Bell wakaja na kipimo kipya, wakakipa jina la Alexander Graham Bell. Beli moja ni kubwa mno kwa kazi za kila siku, kwa hiyo tunatumia sehemu yake ya kumi, ambayo ndiyo desibeli, kwa kifupi dB. Kanuni yake ni mstari mmoja:

dB = 10 × logi (nguvu inayoingia ÷ nguvu inayotoka)

Msiogope neno logi. Waliosoma sekondari hapa Kenya wanakikumbuka kile kitabu cha jedwali za hisabati tulichokibeba hadi kwenye chumba cha mtihani. Fungua, utaona logi ya 2 ni 0.3010. Zidisha kwa 10, unapata 3.01. Yaani mwanga ukipungua hadi nusu, umepoteza desibeli 3. Na sifa kubwa ya logi, ile tuliyoikariri bila kujua itatufaa wapi, ni kwamba inageuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Dalali wa nusu sasa anaitwa "3". Madalali watatu wa nusu ni 3 + 3 + 3 = 9. Kwisha.

Shika hizi nne tu, nyingine utazitengeneza mwenyewe:

- 1 dB: umepoteza kama moja ya tano
- 3 dB: imebaki nusu
- 10 dB: imebaki moja ya kumi
- 20 dB: imebaki moja ya mia

Ukiulizwa 26 dB ni nini, sema 20 na 3 na 3: moja ya mia, nusu yake, nusu yake tena, ni moja ya 400. Ukiulizwa 17 dB, sema 20 kutoa 3: moja ya mia mara mbili, ni moja ya 50. Huhitaji kikokotoo.

Kitu cha pili ni dBm, na hapa wengi huchanganyikiwa. Desibeli tupu inalinganisha tu, haikuambii nguvu yenyewe ni kiasi gani. Kwa hiyo tulikubaliana kulinganisha na miliwati moja. Miliwati 1 ni 0 dBm. Miliwati 2 ni +3 dBm. Sehemu ya kumi ya miliwati ni −10 dBm. Alama ya kutoa haimaanishi kwamba mwanga ni hasi, inamaanisha tu kwamba ni mdogo kuliko miliwati moja. Ukiona −27 dBm, hiyo ni kama maikrowati 2, na vifaa vingi vya faiba za nyumbani vimetengenezwa vifanye kazi kwa mwanga mdogo kiasi hicho.

Kanuni ya kukumbuka: dBm kutoa dB ni dBm. Ni kama saa na dakika: saa nne kutoa dakika kumi inakupa saa, lakini saa nne kuongeza saa tano haina maana. Vilevile usijumlishe dBm na dBm. Taa mbili za 0 dBm kila moja, ukiziunganisha, hazitoi 0, zinatoa miliwati 2, yaani +3 dBm.

Namba 20 na miaka miwili

Kabla hatujapiga hesabu yetu, nawaomba dakika chache za historia, kwa sababu inaonyesha uzito wa namba hizi, na inapita hapa hapa kwetu Bonde la Ufa.

Mwaka 1966, Charles Kao na George Hockham, wakifanya kazi Uingereza, walichapisha makala wakisema kioo kinaweza kubeba mawasiliano. Watu wengi hawakuona vipi. Kioo cha wakati huo kilikuwa kinapoteza kama 1,000 dB kwa kilomita. Piga hesabu: unafika 20 dB, yaani unabaki na asilimia moja ya mwanga, baada ya mita 20 tu. Hiyo haivuki hata uwanja wa shule. Kao alisema tatizo ni uchafu uliomo ndani ya kioo, si kioo chenyewe, na kwamba upotevu ukishuka hadi 20 dB kwa kilomita, kazi itawezekana. Mwaka 1970 watafiti watatu wa kampuni ya Corning ya Marekani, Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz, wakavuka mpaka huo.

Mwaka huo huo wa 1970, sisi tulikuwa tunaangalia juu. Kituo cha mawasiliano ya satelaiti kilifunguliwa Longonot, kwenye sakafu ya bonde, kati ya Nairobi na Naivasha. Satelaiti za aina ile ziko kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Mawimbi ya redio ya gigahezi 6 yakisafiri umbali huo yanatawanyika hadi upotevu unafika kama 200 dB. Msisome haraka: 200 dB ni moja gawanya kwa moja yenye sifuri 20. Ili kuufidia, sahani ya kipenyo cha mita 30 hivi, ya aina iliyotumika kwenye vituo vya enzi hizo, hukusanya mawimbi na kurudisha zaidi ya 60 dB, na vikuza nguvu vinarudisha nyingine. Ona kwamba hata hapo hesabu ni ile ile: toa 200, ongeza 60, endelea hivyo hadi ujue kama sauti itasikika.

Tuliishi na satelaiti miaka mingi. Swali kupanda na kushuka lilichukua kama robo ya sekunde, na jibu robo nyingine, kwa hiyo mawasiliano na seva ya ng'ambo yalikuwa ya kusubiri kila mara. Kisha ukaja mwaka 2009. Mwezi Juni kebo ya TEAMS ilifika Mombasa, na mwezi Julai SEACOM ikawashwa. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Charles Kao akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Sidhani kuna aliyepanga ziangukie mwaka mmoja, lakini mimi hupenda kuziweka pamoja. Leo faiba nzuri inapoteza kama 0.2 dB kwa kilomita. Asilimia moja ya mwanga iliyokuwa inafikiwa kwa mita 20 mwaka 1966, na kwa kilomita moja mwaka 1970, sasa inafikiwa baada ya kilomita 100. Hiyo ni Nakuru hadi Naivasha, na bado una kilomita 30 mkononi.

Nairobi hadi Nakuru kwenye karatasi

Haya, tupange njia yetu wenyewe. Hii ni hesabu ya mazoezi, si ramani ya kampuni yoyote.

Tuchukulie 0.25 dB kwa kilomita, kwa tahadhari. Kilomita 160 × 0.25 = 40 dB.

Kebo huja imezungushwa kwenye magurudumu makubwa ya mbao. Tuseme kila gurudumu lina kilomita 4. Hayo ni magurudumu 40, na kati yake viungo 39 ambapo fundi huyeyusha ncha mbili za kioo zishikane. Kiungo kizuri hupoteza chini ya 0.1 dB, lakini sisi tuweke 0.1. Jumla 3.9 dB.

Konekta mbili, moja kila mwisho, 0.5 dB kila moja. Jumla 1 dB.

Upotevu wote: 40 + 3.9 + 1 = 44.9 dB.

Sasa chukua jozi ya vifaa vya masafa marefu ambavyo huuzwa kwa jina la "kilomita 80". Vingi vya aina hiyo vinatuma angalau 0 dBm, na vinahitaji kupokea angalau −23 dBm. Tukiunganisha moja kwa moja, Nakuru itapokea −44.9 dBm. Haiwezekani. Ndiyo maana njia ndefu zinakuwa na vituo vya katikati, au vikuza mwanga.

Tuweke kituo kimoja katikati? Kila kipande ni kilomita 80: 20 dB za kioo, viungo 19 ni 1.9, konekta 1. Jumla 22.9. Kinachofika ni −22.9 dBm na kinachohitajika ni −23. Inafanya kazi! Lakini ziada ni 0.1 dB tu. Siku tingatinga la kupanua barabara likikata kebo pale Gilgil, mafundi wataweka kipande kipya, na kipande kipya kina viungo viwili, mmoja kila upande. Viungo viwili ni 0.2 dB. Kebo imetengenezwa vizuri kabisa, kila mtu amefanya kazi yake, na njia haiwaki. Kumbe ilikufa siku ilipochorwa.

Ndiyo maana wapangaji huacha akiba, mara nyingi 3 dB au zaidi, kwa ajili ya matengenezo, vumbi na uzee wa leza. Gawanya njia yetu mara tatu badala ya mbili, kila kipande kinapoteza kama 15.6 dB, na unabaki na ziada ya zaidi ya 7 dB. Sasa tingatinga na lije.

Saiba iliyokuwa inazimika mchana

Sasa tushuke kutoka njia kuu hadi mtaani, kwa sababu huko ndiko desibeli zilikomfaa mtu ninayemjua.

Jirani yangu upande wa Lanet ni mwalimu mstaafu. Baada ya kustaafu alifungua saiba ndogo: kompyuta nne, mashine ya kunakili na benchi la kusubiria. Wateja wake ni wanafunzi wanaojaza fomu za vyuo, na mwezi Juni ni watu wanaowasilisha ritani za kodi kabla ya tarehe 30. Mwezi huo mmoja humlipia kodi ya chumba ya miezi kadhaa. Na ulikuwa Juni intaneti yake ilipoanza kukatika na kurudi, kukatika na kurudi, huku watu wamejaa kwenye benchi.

Alipiga simu kwa kampuni inayomuunganisha. Aliyepokea akamwambia kifaa chake cha faiba kimechoka, anunue kingine kwa shilingi 4,500. Alikuwa karibu kulipa aliponiuliza, "Kijana, hiki kitu kweli huchoka?"

Nikamwambia, "Mwalimu, kabla hujalipa tupige hesabu."

Faiba za nyumbani haziji kila moja na uzi wake kutoka kituoni. Uzi mmoja unagawanywa kwa splita, kijisanduku cha kioo kinachogawa mwanga kwa nyumba nyingi. Splita ya njia nane kinadharia inakuachia moja ya nane, yaani upotevu wa 9 dB, lakini kwa uhalisia ni kama 10.5. Nyingi huwekwa mbili mfululizo, ili nyumba 64 zihudumiwe. Kwa hiyo tuliandika hivi, yeye akishika penseli:

- Kioo: kilomita 6 hivi kutoka kituoni, tukikadiria 0.3 dB kila moja: 1.8
- Splita mbili za njia nane: 21.0
- Viungo sita: 0.6
- Konekta nne: 2.0
- Jumla: 25.4 dB

Kituo cha aina hii hutuma kati ya +1.5 na +5 dBm. Tukachukua +3. Kwa hiyo 3 kutoa 25.4 ni −22.4 dBm. Kifaa cha nyumbani kinahitaji angalau −27. Ziada ni 4.6 dB, si haba. Wenzangu wa programu, kama mnaona uvivu kushika penseli, ni mistari mitatu ya Python:

tuma = 3.0
hasara = 6*0.3 + 2*10.5 + 6*0.1 + 4*0.5
print(round(tuma - hasara, 1))

Sasa tukaingia kwenye ukurasa wa kifaa chenyewe kupitia kivinjari. Vifaa vingi vya faiba vina sehemu inayoonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa. Yake ilisoma −28.9 dBm.

Tofauti na hesabu yetu ni 6.5 dB. Desibeli sita tu ni nusu ya nusu, yaani robo. Kwa hiyo mwanga unaomfikia Mwalimu haukuwa hata robo ya uliotarajiwa. Hapo lile neno "kimechoka" lilianza kunipa shaka, kwa sababu kifaa kipya kingepokea mwanga ule ule mchache. Mwenye kiu hasaidiwi kwa kununuliwa kikombe kingine wakati mtungi unavuja.

Lakini unavuja wapi? Nikaandika programu ndogo ya kusoma ile namba kila baada ya dakika tano na kuihifadhi kwenye faili. Tukaiacha kwenye laptopu yangu kuukuu kwa siku nne, usiku na mchana. Niliposoma faili nilicheka. Usiku mzima namba ilikaa −22.9, karibu kabisa na hesabu yetu ya penseli. Saa moja na dakika arobaini asubuhi ilianguka ghafla hadi −28.9. Saa mbili usiku ikapanda tena. Hivyo hivyo kila siku, isipokuwa Jumapili, ambapo haikuanguka hata mara moja.

Kioo hakijui Jumapili. Mvua haijui Jumapili. Splita iliyo juu ya nguzo haijui Jumapili. Anayeijua Jumapili ni Mwalimu, kwa sababu siku hiyo yuko kanisani na saiba imefungwa.

"Mwalimu, saa moja na dakika arobaini huwa unafanya nini?"

"Nafungua duka. Nafungua lile lango la chuma, nalisukuma mpaka ukutani."

Twende tukaangalie. Kebo ya faiba ilikuwa imepitishwa kwenye pembe ya mlango, upande wa bawaba. Lango likifungwa, kebo iko huru. Likifunguliwa na kusukumwa hadi mwisho, chuma kinaibana kebo ukutani na kuikunja kama karatasi. Mwanga ndani ya faiba hukaa ndani kwa sababu unagonga ukingo wa kioo kwa mshazari na kurudishwa katikati. Ukiikunja sana, pembe inabadilika na mwanga unatoka nje. Hauonekani kwa macho, lakini umetoka. Nikamwomba alirudishe lango taratibu huku mimi nikisoma kwenye skrini: −28.9, −26, −24, −22.9. Mwalimu alilifungua na kulifunga mara tatu. Nadhani hakuwa anahakikisha tena, alikuwa anafurahia.

Alipiga simu mwenyewe. Safari hii hakusema intaneti inakatika. Alisema, "Napokea minasi ishirini na mbili nukta tisa usiku, na minasi ishirini na nane nukta tisa mchana. Desibeli sita zinapotelea kwenye mlango wangu, na kebo mliipitisha ninyi." Kulikuwa na ukimya kidogo upande wa pili. Fundi alikuja siku iliyofuata, akaihamisha kebo juu ya mlango na kuibana kwa vibanio, hakudai hata shilingi. Tarehe 30 benchi lilikuwa limejaa mpaka nje, na mashine zote nne zilikuwa zinafanya kazi.

Mambo ya kushika

Kabla sijawaacha, haya machache kwa yeyote mwenye faiba nyumbani au ofisini.

Siku fundi anapomaliza kuunganisha na kila kitu kiko sawa, fungua ukurasa wa kifaa, soma namba ya mwanga unaopokelewa na uiandike kwa kalamu ubandike ukutani, pamoja na tarehe. Bila namba ya siku njema huwezi kuijua siku mbaya.

Namba ikishuka polepole kwa miezi, shuku uchafu kwenye konekta au kebo inayozeeka. Ikishuka ghafla na kubaki chini, shuku mkato, kiungo au kebo iliyobanwa. Ikishuka na kupanda kwa ratiba, tafuta mtu mwenye ratiba hiyo.

Usiikunje faiba ya kawaida kwa mzingo mdogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Usiguse ncha ya konekta kwa kidole, vumbi dogo usiloliona linaweza kula desibeli nzima. Na usichungulie kamwe ndani ya faiba inayowaka. Mwanga wake ni wa infraredi, jicho haliuoni lakini linaumia.

Tena, mwanga mwingi mno nao ni tatizo. Kifaa cha nyumbani cha aina niliyoieleza hakitaki zaidi ya −8 dBm. Vilevile vile vifaa vya kilomita 80 ukiviunganisha kwa waya wa mita mbili mezani unaweza kukipofusha kipokezi.

La mwisho ni hili. Desibeli iliundwa na wahandisi kwa ajili ya wahandisi, lakini ndani yake ni daftari la mapato na matumizi: umetuma kiasi hiki, kila mahali pamekata kiasi hiki, kilichobaki ni hiki. Mama mboga pale Wakulima anaiweza. Hesabu isipolingana, kuna mahali desibeli zimeingia, na mahali hapo panatafutika. Ukiambiwa "laini iko chini," uliza kwa heshima: iko chini kwa desibeli ngapi?